Namna ya Kufuatilia Ukoo Hadi kwa Mlowezi wa Kwanza wa Marekani

Desemba 1859 Abraham Lincoln, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, aliombwa aandike kwa ufupi habari za maisha yake. Ilipofika sehemu ya ukoo hakuwa na mengi ya kusema. Alijua kwamba babu yake, ambaye naye aliitwa Abraham, alihamia Kentucky kutoka Virginia na akauawa huko na wenyeji wa asili. Alijua kwamba wazee wa nyuma zaidi walitoka kaunti ya Berks, Pennsylvania, na alisikia kwamba walikuwa Wakweka, yaani waumini wa Kanisa la Marafiki. Wapo waliojaribu kuunganisha ukoo wake na akina Lincoln wa New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, aliandika, lakini hawakupata zaidi ya kufanana kwa majina: Enoch, Levi, Mordecai, Solomon, Abraham.

Kuuliza aliuliza. Mwaka 1848 aliandikiana barua na Solomon Lincoln wa Hingham, Massachusetts, aliyekuwa ameandika historia ya mji huo, na akamwandikia pia Lincoln mwingine kule Virginia. Hakufika mbali. Aliuawa 1865 bila kujua kwamba mlowezi wa kwanza wa ukoo wake alikuwa Samuel Lincoln, kijana wa kazi katika nyumba ya mfumaji nguo, aliyevuka bahari mwaka 1637, vizazi sita kabla yake.

Nitautumia ukoo huo kama mfano, kwa sababu nyaraka zake zimechapishwa na karibu kila mtego wa kazi hii umo ndani yake. Kama umeoa au kuolewa Marekani na unataka watoto wajue upande wa pili, au mtoto amekuja na kazi ya shule kuhusu ukoo, hatua ni zile zile.

Hatua ya 1: Anza na walio hai, urudi nyuma kizazi kimoja kimoja

Kosa linalowapata wengi ni kuanzia kwa mlowezi. Mtu anaitwa Howland au Winslow, anasoma kwamba kulikuwa na Howland kwenye Mayflower, meli iliyoleta walowezi wa Plymouth, Massachusetts, mwaka 1620, basi anaanza kushuka kutoka 1620 akitafuta njia ya kufika kwake. Usifanye hivyo. Jina ni dalili tu. Anza na mama mkwe, shangazi, babu aliyebaki. Waombe vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya vifo, Biblia ya familia, barua, picha zenye maandishi nyuma. Biblia za familia Marekani zilikuwa na kurasa maalumu za kuandika waliozaliwa, waliooana na waliofariki. Angalia mwaka Biblia yenyewe ilipochapwa: ikiwa ilichapwa 1840 na inataja watu waliozaliwa 1760, aliyeandika alikuwa akikumbuka au akinakili.

Kila kizazi kiandikie mambo manne: jina, mahali, tarehe, na karatasi gani inasema hivyo. Karatasi muhimu kuliko zote ni ile inayosema fulani ni mtoto wa fulani. Cheti cha kifo chenye tarehe sahihi kabisa, bila majina ya wazazi, hakikusogezi nyuma hata hatua moja.

Hatua ya 2: Tumia sensa mpaka 1850, kisha usitegemee tena

Serikali ya Marekani imehesabu watu kila baada ya miaka kumi tangu 1790. Daftari hufunguliwa baada ya miaka 72, kwa hiyo la karibuni lililo wazi ni la 1950. Rudi nalo nyuma: 1950, 1940, 1930, na kuendelea. Daftari la 1890 karibu lote liliharibika kwa moto uliotokea Washington mwaka 1921, kwa hiyo pengo hilo si uzembe wako. Sensa ya 1880 ndiyo ya kwanza kueleza uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya. Ya 1850 ndiyo ya kwanza kuandika majina ya watu huru wote waliomo ndani ya nyumba. Kabla ya hapo limo jina la mkuu wa kaya tu, na wengine ni tarakimu kwenye safu za umri. Watumwa karibu wote hawakuandikwa majina. Mwaka 1850 na 1860 wamehesabiwa kwenye orodha ya pekee chini ya jina la mmiliki.

Haya yote yanapatikana FamilySearch bila malipo, tovuti inayoendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Unafungua akaunti tu. Mitandao ya kulipia ina mengi zaidi, ila maktaba nyingi za umma Marekani huruhusu wanachama kuitumia bure. Ulizia kabla hujatoa kadi ya benki.

Hatua ya 3: Vuka pengo la kati

Kati ya Mapinduzi ya Marekani (1775 hadi 1783) na 1850 ndipo koo nyingi zinapopotea. Watu walikuwa wakihama magharibi kila miaka michache, makanisa ya mipakani hayakuandika sana, na majimbo mengi yalikuwa bado hayajaanza kusajili vizazi na vifo.

Tazama wazazi wa Lincoln. Rais mwenyewe aliamini kwamba Thomas Lincoln na Nancy Hanks walioana katika eneo la kaunti ya Hardin, Kentucky. Kumbukumbu ilitafutwa huko isionekane, na kwa sababu haikuonekana wapinzani wake walieneza kwamba hapakuwa na ndoa. Mwaka 1878 dhamana ya ndoa (hati iliyowekwa kabla ya ndoa kuahidi kwamba hakuna pingamizi) ilipatikana katika kaunti jirani ya Washington, pamoja na taarifa ya mhubiri Jesse Head kwamba aliwaozesha tarehe 12 Juni 1806. Hakuna aliyeificha. Ilikuwa imekaa mahali pake miaka yote, katika mahakama ya kaunti ambayo hakuna aliyeiuliza. Ukikosa kitu katika kaunti moja, orodhesha kaunti zote zinazopakana nayo, uzipitie zote.

Katika pengo hili tafuta pia madai ya pensheni za vita vya Mapinduzi. Mjane aliyedai pensheni kwa sheria ya 1836 alitakiwa kuthibitisha ndoa yake, na baadhi yao walichana ukurasa wa Biblia ya familia wakaupeleka Washington. Ukurasa huo ungali kwenye faili.

Kuna na swali la kwa nini mtu hayumo kwenye mirathi. Babu yake rais alipouawa 1786 hakuwa ameacha wasia, na sheria ya wakati huo ilimpa mtoto wa kiume wa kwanza ardhi yote. Mtoto huyo alikuwa Mordecai. Thomas, mdogo wa mwisho wa kiume, hakupata shamba. Anayetafuta jina la Thomas kwenye mgawanyo wa ardhi ile atatafuta mpaka achoke.

Hatua ya 4: Fuata ardhi na wasia

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo ukoo wa Lincoln ulipofunguka.

Walowezi wa Kiingereza waliandika habari za mali kwa bidii kuliko habari za watoto. Hati ya mauziano ya shamba husema muuzaji anaishi wapi, anafanya kazi gani, na mara nyingi alilipataje shamba hilo: kwa kununua, au kwa kurithi kutoka kwa nani. Mke hujitokeza pia, kwa sababu alikuwa na haki yake ya ujane katika ardhi ya mumewe na mnunuzi mwenye akili alitaka aiachie kwa maandishi. Kwa wanawake wengi wa karne ya 17 na ya 18, hati ya namna hiyo ndiyo alama pekee waliyoacha nje ya kanisa.

Nyuma ya babu yake rais yuko baba wa babu huyo, John Lincoln, aliyehamia Linville Creek, Virginia, mwaka 1768. Huko kuna shida mbili. Kwanza, eneo hilo lilikuwa kaunti ya Augusta. Rockingham ilikatwa kutoka humo mwaka 1778. Pili, nyaraka za Rockingham ziliunguzwa kwa sehemu mwaka 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kwa hiyo anayetafuta hati za mwanzo za John anakwenda Augusta, na kwa zilizofuata anatumia kile kilichonusurika.

John alitoka Pennsylvania. Baba yake, inavyoonekana, alikuwa Mordecai Lincoln aliyefariki 1736 mahali ambapo leo ni kaunti ya Berks. Lakini Berks iliundwa 1752. Wasia wa Mordecai hauko Berks, uko Philadelphia, kwa sababu mwaka 1736 pale palikuwa Philadelphia. Kabla hujatafuta karatasi yoyote, jiulize: siku hiyo, mahali hapo palikuwa chini ya mahakama ipi? Ramani za mipaka ya kaunti kwa kila mwaka zimewekwa mtandaoni bure na maktaba ya Newberry ya Chicago. Zitumie.

Sasa, tunajuaje kwamba John wa Virginia ndiye mtoto wa Mordecai wa Pennsylvania, na si John mwingine? Wasia wa Mordecai unamwachia mwanawe John eka 300 zilizoko New Jersey. Mwaka 1748 John Lincoln, mkazi wa Pennsylvania, aliziuza eka hizo 300. Shamba liko New Jersey, muuzaji anaishi Pennsylvania, na amelipata kwa Mordecai. Karatasi mbili kutoka makoloni mawili zinashikana, na kizazi kimoja kimethibitika. Huo ndio ushahidi ambao rais hakuwa nao. Alichokuwa nacho yeye ni majina.

Shamba hilo la New Jersey linaongoza nyuma zaidi. Mordecai alipata kuishi huko, akamwoa Hannah Salter, kisha akahamia Pennsylvania kufanya kazi ya chuma. Ukirudi Massachusetts unamkuta Mordecai mwingine, mhunzi, aliyezaliwa Hingham 1657 na kufariki 1727, ambaye wasia wake unawataja wanawe Mordecai na Abraham waliokuwa wameondoka kwenda kusini. Kazi ya chuma inafanana baba na mwana, na hilo si dogo, kwa kuwa ufundi ulirithishwa. Na jina Abraham? Mhunzi huyo alimwoa Sarah, binti wa Abraham Jones wa Hull. Jina ambalo rais alidhani ni bahati tu liliingia kwenye ukoo kutoka kwa baba mkwe.

Tangu 2024 FamilySearch ina utafutaji mpya unaosoma maandishi ya mkono ndani ya hati za ardhi na mirathi za Marekani, si faharasa tu. Unaandika jina la ukoo na jina la kijito au la jirani, na hati ambazo hakuna aliyewahi kuziorodhesha zinajitokeza. Mashine husoma vibaya mara kwa mara, kwa hiyo jaribu tahajia zote. Lincoln wameandikwa Linkhorn, Lincon, Linkon na Lincorne. Makarani waliandika walichosikia.

Hatua ya 5: Soma tarehe kama walivyoziandika

Mpaka 1752 Uingereza na makoloni yake walitumia kalenda ya Juliasi, na mwaka wao wa kisheria ulianza tarehe 25 Machi. Siku iliyofuata 31 Desemba 1680 ilikuwa 1 Januari 1680. Ndiyo maana utakuta mtoto mmoja amebatizwa Aprili 1680 na mdogo wake Februari 1681, ukadhani kuna kosa au mapacha. Februari hiyo kwa hesabu yetu ni 1682, karibu miaka miwili baadaye.

Tarehe za Januari, Februari na sehemu kubwa ya Machi ziandike kwa miaka yote miwili, kama 1681/82. Usizirekebishe kimyakimya, maana mwenzako atakayesoma hatajua kama umesharekebisha au bado. Septemba 1752 Waingereza walihamia kalenda tunayoitumia leo: iliyofuata tarehe 2 ikawa tarehe 14.

Wakweka wana lao. Hawakutumia majina ya miezi kwa kuwa baadhi yalitokana na miungu ya Kirumi. Waliandika mwezi wa kwanza, wa pili. Kabla ya 1752 mwezi wao wa kwanza ni Machi. Madaftari yao, kwa bahati nzuri, ni safi kuliko ya karibu kila kanisa lingine. Hawa ndio wale wale wa Kanisa la Marafiki, wanaojulikana sana magharibi mwa Kenya. Na hapa kuna kisa. Rais alisikia kwamba wazee wake walikuwa Wakweka. Mwaka 1760 Abraham Lincoln mwingine, mdogo wake John kwa baba, alimwoa Anne Boone, wa ukoo wa yule mpelelezi wa misitu Daniel Boone. Daftari la Wakweka wa Exeter, Pennsylvania, linaonyesha kwamba Anne ilimbidi akiri kosa la kuolewa na mtu asiye wa jumuiya yao. Masimulizi yalikuwa na chanzo, kwa kuwa waliishi katikati ya Wakweka na kuoana nao, ila daftari linasema huyu bwana harusi hakuwa mmoja wao.

Hatua ya 6: Tenganisha wenye jina moja

Hingham ya karne ya 17 ilikuwa na akina Thomas Lincoln wanne kwa wakati mmoja. Majirani waliwatofautisha kwa kazi: Thomas mfumaji, Thomas mtengeneza mapipa, Thomas mwenye kinu na Thomas mkulima. Ni mfumaji tu aliyekuwa kaka wa Samuel, mlowezi wetu na baba wa yule Mordecai mhunzi, na mfumaji huyo hakuacha watoto. Mtu akijiunga na Samuel kupitia Thomas yeyote kati ya hawa watatu wengine, ameingia ukoo mwingine kabisa.

Tengeneza jedwali. Kila mwenye jina hilo mpe safu yake: kazi, mke, shamba liko wapi, majirani wa shamba, mashahidi wa hati zake, alifariki lini. Kila karatasi iweke chini ya mmoja tu, na isiyoeleweka iache pembeni. Usisukume. Baada ya muda shamba litaonyesha ni la nani, kwa sababu mipaka ya mashamba haibadiliki haraka kama wake na watoto.

Tahadhari mbili za lugha ya makarani wa zamani. Wakiandika mkubwa na mdogo baada ya majina mawili yanayofanana, wanamaanisha umri tu. Wanaweza kuwa mtu na mpwawe, au wasiohusiana kabisa, na mkubwa akifa, yule mdogo anaanza kuitwa mkubwa. Pia neno walilotumia kwa mama mkwe walilitumia hata kwa mama wa kambo.

Hatua ya 7: Tambua koloni lako, maana kila moja lina tabia yake

New England ndiyo rahisi kuliko zote. Massachusetts iliagiza vizazi, ndoa na vifo visajiliwe tangu 1639, na miji mingi imechapisha madaftari yake mpaka 1850. Jumuiya ya kihistoria ya nasaba ya New England, iliyoanzishwa Boston mwaka 1845, ina mradi ulioanza 1988 wa kuchambua mmoja mmoja walowezi waliofika kati ya 1620 na 1635. Kwa abiria wa Mayflower walioacha uzao, chama cha vizazi vyao kilichoundwa 1897 kimechapisha vizazi vitano vya kwanza pamoja na ushahidi. Ukifika kwenye kizazi cha tano kwa karatasi zako, waliobaki umeshafanyiwa. Kwa wasomaji wa pwani yetu, Salem nayo ni mji wa kutazama: ulianza 1626, na karne mbili baadaye wafanyabiashara wake wakawa wanaleta nguo za pamba Unguja na kuchukua pembe na gundi ya sandarusi. Balozi mdogo wa kwanza wa Marekani Zanzibar, Richard Waters, aliyeanza kazi 1837, alikuwa mtu wa Salem.

New York iliyokuwa ya Waholanzi mpaka 1664 inamchanganya asiyejua. Wengi hawakuwa na jina la ukoo. Watoto wa Jan walikuwa Jansen, na wajukuu wakachukua jina la baba yao mwenyewe, sawa na Ali bin Juma na Salim bin Ali. Kwa sisi hilo si geni. Mmarekani ndiye anayechanganyikiwa. Mke alibaki na jina la baba yake, jambo linalorahisisha kazi sana, na kwenye ubatizo waliandikwa wadhamini, ambao mara nyingi ni babu, bibi, au shangazi. Usiwaruke wadhamini.

Virginia na Maryland ni ngumu. Moto wa mahakama umemeza mengi. Kaunti kadhaa zilipeleka vitabu vyao Richmond wakati wa vita ili vihifadhike, vikaungua huko 1865. Lakini kuna vito. Tangu 1618 Virginia ilitoa eka 50 kwa kila mtu aliyelipiwa nauli, kwa hiyo hati za ardhi zinataja majina ya walioletwa. Kuna pia hesabu ya watu ya 1624/25, yenye jina la meli na mwaka wa kufika.

Ndani ya hesabu hiyo yumo Antonio, Mwafrika aliyekuja na meli James mwaka 1621, na Mary, aliyekuja na Margaret and John mwaka 1622. Hawana jina la ukoo. Hapo koo nyingi za Kiafrika hukatika, lakini huu haukukatika, kwa sababu wawili hao walihamia Northampton, kaunti ambayo vitabu vyake vya mahakama havijakatika tangu 1632. Humo Antonio anakuwa Anthony Johnson, mtu huru mwenye mkewe Mary. Mwaka 1651 anapewa eka 250 kwa ajili ya watu watano aliowalipia nauli. Katika miaka ya 1650 anadai mahakamani kwamba John Casor, Mwafrika mwenzake, ni mtumwa wake, na anashinda. Historia haichagui cha kukufurahisha. Miaka ya 1660 familia inahamia Maryland, na mwaka 1677 mjukuu wake ananunua shamba na kuliita Angola. Ukiuona mlolongo huo unaelewa kwa nini hupaswi kukata tamaa kwa kukosa jina la ukoo: fuata mke, shamba na mahakama.

Hatua ya 8: Vuka bahari mwishoni

Orodha nyingi za abiria wa karne ya 17 zimepotea. Chache zipo, ikiwamo ile ya bandari ya Great Yarmouth, Uingereza, ya 1637, na humo, katika nyumba ya Francis Lawes, mfumaji wa Norwich, wameandikwa mkewe, mtoto wao na watumishi wawili. Mmoja wao ni Samuel Lincorne, miaka 18.

Daftari la kanisa la Mtakatifu Andrew, Hingham, kaunti ya Norfolk, Uingereza, lina ubatizo wa Samuel, mwana wa Edward Lincoln, Agosti 1622. Huyo 1637 alikuwa na miaka 15 hivi, si 18. Ni mtu mmoja? Hapa ndipo ushahidi wa majirani unapoingia. Hingham ya Massachusetts ilijazwa na watu wa Hingham ya Norfolk, wakiongozwa na wachungaji wao, na karani wa mji, Daniel Cushing, aliandika orodha ya waliofika na mwaka wao. Samuel yumo, 1637. Kaka yake Thomas, aliyekuwa mfumaji kama bwana wa Samuel, alikuwa ametangulia tangu 1633. Umri wa kusema haukuwa kitu cha kuaminika bandarini, na kijana alikuwa na sababu ya kujiongezea. Yote kwa pamoja yanatosha.

Kwa upande wa Uingereza, madaftari ya ubatizo, ndoa na maziko yaliagizwa 1538, ingawa mengi yana mapengo katika miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na ya utawala bila mfalme, 1642 hadi 1660. Pale daftari la parokia lilipopotea, tafuta nakala zilizopelekwa kwa askofu kila mwaka. Wasia za matajiri wa kusini ziko Kew, London, katika hifadhi ya taifa. Za wadogo ziko kwenye hifadhi za kaunti. Jifunze kwanza kusoma mwandiko wa makarani wa wakati ule. Hifadhi ya Kew ina mafunzo ya bure mtandaoni.

Na usichague mtoto kwa jina tu. Ukimpata John Smith aliyebatizwa mwaka unaotaka, tazama kama hakuzikwa akiwa mchanga, au kama hakuoa na kubaki pale pale kijijini. Wengi wa walowezi wa mtandaoni walishafariki wakiwa watoto huko Uingereza.

Vipimo vya vinasaba, makaburi na vitabu vya zamani

Kipimo cha kawaida cha DNA hakitakufikisha 1637. Kizazi cha kumi nyuma una nafasi 1,024 za mababu, na kwa wengi wao hukubeba chembe hata moja. Kipimo cha ukoo wa baba, kinachofuata kromosomu Y, hufaa kutenganisha akina Thomas wanne, mradi wapatikane wanaume wa leo wa kila tawi. Kile cha upande wa mama kilitumika 2015 kumaliza ubishi wa muda mrefu kuhusu mama yake Lincoln: Nancy Hanks alikuwa binti wa Lucy Hanks.

Jiwe la kaburi nalo huwa linadanganya, hasa lililowekwa muda mrefu baada ya msiba. John Howland wa Mayflower aliaminika miaka mingi kwamba alimwoa binti wa gavana Carver wa koloni la Plymouth, na hata kumbukumbu ya mawe kule Plymouth ilisema hivyo. Muswada wa historia ya koloni hilo ulioandikwa na gavana Bradford ulipoonekana tena London mwaka 1855, ukiwa kwenye maktaba ya askofu, ulisema wazi kwamba mkewe alikuwa Elizabeth, binti wa John Tilley, abiria mwenzake.

Vitabu vya ukoo vilivyochapwa kabla ya vita vya pili vya dunia vitumie kama ramani ya kutafutia. Mmoja wa waandishi wake, Gustave Anjou, mzaliwa wa Sweden, aliwauzia matajiri wa Marekani nasaba za kughushi, akichanganya karatasi za kweli na wasia alizozitunga mwenyewe. Kazi zake bado zimo kwenye maktaba, na miti mingi ya mtandaoni imezinakili.

Hatua ya 9: Andika

Andika ukoo kuanzia kwa mlowezi kushuka, aya moja kwa kila kizazi, na chini ya kila aya taja karatasi inayomfunga mtoto na mzazi, iliko na ukurasa wake. Kiungo chenye shaka kiandike kwa shaka. Neno "huenda" halimwaibishi mtu. Piga picha za hati, uzihifadhi mahali pawili, na umpe nakala yule shangazi uliyeanza naye, kwa sababu akiisoma atakumbuka mambo matatu ambayo hakukuambia mara ya kwanza.

Kama ukoo wako ukifika Norfolk kama huu wa Lincoln, utakuta bado njia inaendelea. Richard Lincoln, babu yake Samuel, aliacha wasia uliowapa mali watoto wa mke wake wa nne na kumweka kando Edward, mtoto wa mke wa kwanza. Watafiti wengi wanaona hapo ndipo ilipoanza safari ya watoto wa Edward kwenda ng'ambo.